Jibu Alilonipa Oliva Akifukuza Ndege

Wanangu mnaoanza kazi ya udadisi, mlipokuja nyumbani kwangu hapa Mpanda mkaniomba niwape siri za kazi, kwanza nilicheka, halafu nikanyamaza. Mlidhani nimechoka. Sikuwa nimechoka, nilikuwa najiuliza nianzie wapi. Kazi yenyewe haina siri nyingi. Unabisha hodi, unasalimia, unauliza maisha yakoje, unaandika ulichoambiwa, unaaga. Mtoto wa shule anaweza. Tatizo ni kwamba sisi watu hatukuzoea kumweleza mgeni ukweli wa ndani ya nyumba zetu, na anayeuliza siku zote ni mgeni. Hapo ndipo nilipohangaika miaka yote mpaka magoti yakagoma kupanda pikipiki.

Nimewauliza watu wa mkoa huu habari za riziki zao tangu enzi ya makaratasi, tulipokuwa tunafunga madodoso kwenye mfuko wa mbolea ili mvua isiyaloweshe, mpaka enzi hii ya kishikwambi kinachojua hata mahali ulipokaa. Vifaa vilibadilika, maswali hayakubadilika sana. Ukilinganisha na mwaka jana, hali ya maisha ya kaya yako imekuwa bora, iko vilevile, au imekuwa mbaya zaidi? Una kazi inayokuingizia kipato? Katika mwezi uliopita, kuna siku nyumba hii ilikosa chakula kabisa? Mkiyasoma kwenye semina, mmeshiba wali na kuku, mnaona ni maswali ya kusinzia. Ngojeni mkayaulize mkiwa mmekaa kwenye kiti pekee cha nyumba, na mwenye nyumba amekaa chini akiwatazama.

Kiti hicho ndicho kitu cha kwanza alichonifundisha Bwana Gervas, msimamizi wangu. Alikuwa mrefu, mkimya, shati limechomekwa hata tukiwa katikati ya pori la Mlele. Alisema mgeni akipewa kiti akakaa juu, mwenyeji anamjibu kama anavyomjibu mtendaji wa kata. Basi ukipewa kiti shukuru, kisha uombe mkeka. Wenyewe watakataa. Omba tena. Ukishakunja miguu chini pamoja nao, na vumbi likakushika, angalau nusu ya majibu ya uongo inaondoka.

Somo la pili lilinishinda kwa muda mrefu. Bwana Gervas alikataza neno pole. Hebu fikirieni! Mama anakuambia mtoto wake amerudishwa nyumbani kwa kukosa ada, au baba anakuambia tumbaku yake yote imeandikwa daraja la mwisho, na wewe Mswahili mzima uliyelelewa ukalelewa usiseme pole. Nilimwuliza kama ana moyo. Akanijibu taratibu, kama kawaida yake.

"Ukimpa pole kwenye swali la tatu, swali la nne anakujibu kwa pole yako. Atatafuta shida nyingine akuridhishe. Au ataona aibu, atakuficha yote. Iweke, Skola. Ukifunga kishikwambi mpe zote kwa pamoja, hata ukitaka kulia naye lia."

Nilimwona mtu wa chuma. Baadaye nikaja kumwona, tukitoka kwenye nyumba fulani huko Inyonga, amesimama nyuma ya mti anajifuta macho kwa kitambaa. Hakujua kwamba nimemwona, nami sikumwambia.

Mengine nilijifunza kwa watu wenyewe. Kule Kapalamsenga, ziwani, tulifika tukafanya kazi juma zima, na karibu kila mvuvi alisema maisha yamekuwa mabaya kuliko mwaka jana. Tukarudi tukiwa na huzuni kubwa. Ofisi nayo ikahuzunika, ikaanza kuandaa maelezo marefu. Ni mama mmoja aliyekuwa akituuzia chai ambaye alituuliza, akijizuia kucheka, "Sasa nyie mmekuja kuuliza mbalamwezi hii, mlitaka wawaambie nini?" Dagaa wanavuliwa kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa taa haiwavuti, kwa hiyo wavuvi wanakaa nchi kavu, mifuko imekauka na wake zao wamenuna. Tungekwenda kwenye giza tungekuta watu wengine kabisa, ingawa ni walewale. Tangu hapo kabla ya kwenda ziwani nilikuwa natazama juu kwanza.

Inyonga nako nilimkuta mzee mwenye mizinga mingi ya nyuki mpaka mwenyewe hakumbuki yote imetundikwa wapi. Nilipomuuliza kama ana kazi, akasema hana. Nikamwuliza, kwa kufuata dodoso, kama anatafuta kazi. Akanitazama kwa huruma.

"Mwanangu, mimi nikapate wapi muda wa kutafuta kazi? Asubuhi mpaka jioni niko porini."

Kwenye ripoti za namna hiyo mzee yule anaweza kusomeka kama mtu aliyekaa tu. Ndiyo maana nawaambia, chini ya neno kazi ulizeni pia mikono ya mtu jana ilishinda inafanya nini.

Na Mishamo, kwa ndugu zetu ambao wazazi wao walitoka Burundi, nilijifunza kusubiri. Mzee wa nyumba alinikaribisha, akanipa maji ya kunywa, akaita watoto wanisalimie, kisha akasema hatajibu hata moja mpaka nimweleze karatasi zangu zinakwenda wapi na zinaanzia wapi. Nikaeleza. Akauliza tena. Nikaeleza tena. Mwenzangu tuliyekuwa naye alianza kutazama saa, akisema kwa sauti ya chini kwamba mzee ni mkorofi. Mzee alisikia.

"Si ukorofi, kijana. Sisi tumeandikwa mara nyingi, na kila tulipoandikwa kulikuwa na kuhama. Sasa hivi mimi ni Mtanzania, nina cheti. Lakini kalamu bado naiogopa."

Kuanzia siku hiyo niliacha kumwita mtu mkorofi kwa sababu ya kuniuliza. Anayekuhoji kabla hujamhoji ana haki zote.

Nimewazungusha ziwani na porini ili mjue nilikuwa mtu wa namna gani kazini, maana ninalotaka kuwaambia hasa lilitokea kijiji cha Mamba, bonde la Mpimbwe, kwenye mipunga, na bila kujua nilivyofundishwa mnaweza msielewe kwa nini nilifanya nilichofanya.

Lakini kwanza niwaambie neno moja la aibu katika kazi yetu. Kupika. Mdadisi anayepika ni yule anayekaa gesti, feni inamzungukia, anajaza majibu ya watu ambao hajawaona. Bwana Gervas aliwachukia wapishi kuliko wezi. Aliwakamata kwa namna mbili. Kwanza, mwishoni mwa dodoso kila mhojiwa huombwa namba ya simu, na ofisi humpigia kuhakiki. Wapishi karibu wote huandika "hana simu". Pili, kishikwambi kinatunza mahali mahojiano yalipofanyika, na mpishi akijisahau, ramani inamwonyesha yuko mbali na nyumba aliyotumwa. Ukikutwa na yote mawili, msimamizi anafunga safari mwenyewe, anamuuliza mhojiwa maswali machache upya, analinganisha. Majibu yasipolingana, jina lako linakatwa na hupewi kazi tena.

Sasa Mamba. Ilikuwa majira ambayo mpunga umeshatoa masuke na punje zinaanza kujaa, lakini haujaiva wa kuvuna. Watu wa Mpimbwe wanayajua majira hayo. Shamba limependeza, ghala limebaki harufu. Kaya niliyopangiwa ilikuwa ya mama mmoja mjane, nitamwita Oliva, jina alilolichagua mwenyewe nilipomwambia nataka kusimulia habari zake. Mumewe alifariki mwaka uleule. Aliyenipokea uani si yeye, bali Desderi, kaka wa marehemu, aliyekuwa na nyumba yake hatua chache kutoka hapo. Alitoa kiti, akavuta cha kwake, akakaa.

"Karibu, mama. Huyu ni shemeji yangu, mume wake ni mdogo wangu aliyetangulia. Uliza tu usiogope, mimi nipo."

Ni desturi, na ni heshima. Mgeni hawezi kuachwa na mwanamke aliyefiwa kana kwamba nyumba haina wenyewe. Mimi nilikuwa nimeshaomba mkeka, nimeshakaa, natafuta maneno ya kumwomba Desderi atupishe bila kumvunjia heshima, ndipo Oliva akatoka ndani na debe bovu mkononi na teo begani.

"Dada, mimi saa hizi nakwenda kuamia ndege. Kama maswali yako yanatembea, twende nayo."

"Si akuulize hapahapa?" Desderi akasema. "Mtu mwenyewe huyu, na kiti hiki hapa."

"Baba, nikimchelewesha ndege watashuka," nikamwambia. "Nitakuwa nimekutieni hasara ya mpunga."

Hapo alikubali haraka. Mpunga ule ulimhusu pia, kuliko nilivyojua wakati huo.

Tulikaa kwenye tuta katikati ya shamba, jua kali, bonde lote tambarare mpaka macho yanachoka. Kweleakwelea walikuwa wanakuja makundi kwa makundi. Oliva alikuwa anapiga debe, anazungusha teo, anaachia donge la udongo, anapiga kelele, kisha ananigeukia, "Endelea, dada." Mahojiano ya namna ile sijayafanya tena. Swali, ndege, jibu, ndege. Maswali ya umri na elimu yakapita. La kazi likapita, akacheka, "Si hii unayoiona?" Tukafika kwenye chakula.

Nilisoma kama lilivyoandikwa. Katika mwezi uliopita, kuna siku nyumba hii ilikosa chakula kabisa?

Ndege walishuka upande wa pili. Hakuwafukuza.

"Maneno haya yanakwenda wapi?"

"Ofisini. Bila jina lako."

"Desderi atayasikia?"

"Kwa kinywa changu, hapana."

Akakaa chini, debe mapajani, akanieleza. Mumewe alipozikwa, ukoo ulifanya kikao. Ilikubaliwa kwamba Oliva abaki na watoto na shamba la mpunga, mradi aweze kuwalisha. Akishindwa, watoto watagawanywa kwa baba zao wakubwa na wadogo, na shamba litafuata watoto. Desderi ndiye aliyepewa kuangalia. Oliva hakumtukana shemeji yake, nawaambia kweli. Alisema si mtu mbaya, ila ni mtu anayesubiri.

"Kila jioni nawasha moto, hata kama sina cha kuweka jikoni. Anaangalia moshi. Akiona moshi anajua tunakula. Naweka sufuria la maji, watoto wanakaa kuzunguka, nawaambia wasitoke nje mpaka yachemke."

Sikusema pole. Sijui niliwezaje.

"Kwa hiyo andika," akasema. "Zipo siku. Hata juma hili zipo. Majani ya maboga na chumvi, ikipatikana. Mpaka huu mpunga uive."

Nikasoma lile jingine, la kulinganisha na mwaka jana. Akanigeukia, na sijawahi kutazamwa vile na mhojiwa.

"Mwaka jana baba yao alikuwepo. Unaniuliza nini, dada?"

Nikalisoma tena neno kwa neno, maana ndivyo nilivyofundishwa, na nilijichukia nikilisoma.

"Mbaya zaidi," akasema. "Andika mbaya zaidi."

Nikaandika. Tukafika mwisho, kwenye namba ya simu.

"Weka ya Desderi," akasema bila wasiwasi, kama mtu anayesaidia. "Ndiyo simu ya nyumbani. Wakipiga anaweka sauti kubwa, tunasikiliza wote."

Kidole changu kikasimama hewani. Ofisi ingepiga. Binti wa ofisini, mwenye sauti nzuri, angesema habari za saa hizi, naomba kuhakiki, ulituambia kuna siku chakula kinakosekana nyumbani kwako, ni kweli? Na uwanja mzima ungesikia. Mwenyewe hakuliona hilo, kwa sababu huku kwetu simu moja ni ya nyumba nzima na hakuna anayeona ajabu. Nikaandika "hana simu". Nikafunga kishikwambi. Ndipo nikampa pole, na nikampa zote. Alilia kidogo tu, maana ndege walikuwa wanarudi.

Nyinyi mmeshaona nilichokuwa nimejitengenezea. Mhojiwa hana simu. Ramani inaonyesha mdadisi yuko bondeni, mbali na nyumba. Bwana Gervas alinipigia kesho yake.

"Skola, ya Mamba imekuwaje?"

Nikamweleza kwamba mama alikuwa anaamia ndege. Sikumweleza zaidi, kwa sababu nilikuwa nimeahidi, na kwa sababu majibu ya mhojiwa hayasimuliwi kwenye simu. Akasema anakuja kuhakiki. Nikamwomba tumfuate shambani, si nyumbani. Akasema sawa, lakini nilisikia kwenye sauti yake kwamba ombi lenyewe limemtia shaka. Miaka yote tuliyofanya kazi pamoja, sikuwahi kumpangia pa kuhakikia.

Siku tuliyokwenda ilinyesha mvua kubwa. Mvua ikinyesha ndege hawaruki, na ndege wasiporuka hakuna anayekwenda kuamia. Tulimkuta Oliva nyumbani, barazani, mtoto mdogo mapajani na wengine wamejibana ukutani. Desderi alikuwepo, na mzee mmoja wa ukoo aliyekuja kujikinga mvua. Nilimwambia Bwana Gervas sikioni tuahirishe. Akanitazama kwa namna iliyoniumiza. Alikuwa ananitafuta machoni, aone kama mimi ndiye yule anayemjua.

Hata hivyo alifanya lililo sahihi. Aliwaomba wengine watupishe kidogo. Desderi akacheka, kwa wema kabisa.

"Mvua hii, baba, twende wapi? Sisi ni wa nyumba moja. Uliza tu."

Bwana Gervas akauliza. Kama nilifika. Nilifika. Kama nilikuwa na adabu. Nilikuwa nayo. Kisha akalisoma la chakula, kwa sauti yake ileile ya taratibu.

Oliva alinitazama mara moja, kisha akamtazama mtoto aliyempakata.

"Hapana. Chakula kipo. Hatujawahi kukosa."

Na la mwaka jana?

"Maisha ni bora. Mungu anatusaidia, na shemeji yangu huyu."

Mzee wa ukoo akatikisa kichwa kuridhika. Bwana Gervas akatazama kishikwambi, akakipandisha, akakishusha. Najua alikuwa anaomba aone amekosea kusoma.

"Skolastika," akasema. Hakuwahi kuniita jina langu zima. "Haya siyo uliyoandika."

Kabla sijafungua mdomo, Desderi akauliza, "Kwani aliandika nini?"

Bwana Gervas alijibu vizuri, kwamba majibu ya mtu hayasomwi mbele za watu. Lakini swali lilikuwa limeshatoka. Desderi hakucheka tena. Alikuwa anamtazama Oliva, anafikiri. Na Oliva alikuwa amemkumbatia yule mtoto mpaka mtoto akaanza kulalamika. Mdadisi anaandika tofauti na mhojiwa anavyosema kwa sababu mbili tu. Ama mdadisi kadanganya, au mhojiwa kadanganya. Desderi hakuwa mjinga. Alikuwa amebakiza hatua moja tu.

Nikasema, "Nilipika."

Watu wote wakanigeukia.

"Mama huyu sikumsikiliza. Ndege walikuwa na makelele, jua lilikuwa kali, nikachoka. Nikajaza mwenyewe nilivyoona. Naombeni mnisamehe."

Desderi alipumua, akacheka tena, cheko la mtu aliyetuliwa mzigo. "Aaa! Nyie watu wa maswali! Kumbe ndivyo mnavyokula hela za bure." Mzee wa ukoo akatoa hotuba fupi juu ya uaminifu wa zamani. Nikaisikiliza yote, kichwa chini. Oliva aliendelea kumpapasa mtoto kichwani. Angesema neno moja la kunitetea angejimaliza, na wote wawili tulijua.

Bwana Gervas hakuniambia lolote mpaka tulipofika barabarani, tukasimama chini ya paa la duka lililofungwa kungoja pikipiki.

"Wewe hujawahi kupika, Skola."

Ndipo nikamweleza, moshi na sufuria la maji na kikao cha ukoo. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akageuka kutaka kurudi kulekule kwenye mvua. Alitaka akaseme mbele yao kwamba mimi ni mkweli. Nikamshika mkono.

"Ukirudi kunisafisha, Desderi atauliza tena niliandika nini. Safari hii hatacheka."

"Naweza kuja siku nyingine, nimfuate shambani, nimhoji peke yake."

"Mara ya tatu? Watu wa maswali wanamfuata mjane mmoja mara ya tatu, kijiji kizima kinaona? Mwache avune kwanza."

"Na mimi niandike nini?"

"Andika ulichosikia."

Maji yalikuwa yanamdondoka kwenye shati alilochomeka. Akasema ananiamini, lakini ofisini hawapokei imani yake, wanapokea maandishi. Nikamwambia najua. Aliandika. Jina langu likakatwa kwa mkono wa mtu aliyenifundisha kazi, na jibu la Oliva likabadilishwa likawa bora.

Msidhani nilikuwa jasiri. Iliniuma, na inaniuma hata sasa. Mpanda ni mji mdogo. Vijana niliowafundisha mimi waliniita mpishi nikipita sokoni, na hawakuficha sauti. Mwanangu wa kike alikuja kuniuliza kama ni kweli, nikashindwa kumjibu, kwa sababu Mamba na Mpanda watu wanaoana na kuzikana, neno linasafiri. Nilikaa bila kazi mpaka walipokuja watu wengine wasionijua, nikaanza upya kama mgeni. Bwana Gervas alikuwa anakuja nyumbani kila Krismasi na mchele, anakaa, hatuzungumzii habari hiyo, anaondoka. Alifariki hivyo hivyo, akiwa ndiye peke yake aliyejua, ukimwacha Oliva. Kwenye mazishi yake niliombwa nisiseme neno la wafanyakazi wenzake, maana walioandaa waliona haifai.

Ripoti ilipotoka niliisikia redioni, naosha vyombo. Mtangazaji alisema wengi wa waliohojiwa mkoani kwetu wanaona maisha yao yamekuwa bora. Inawezekana kabisa ni kweli. Sikupita nyumba zote. Ila nilizima redio nikakaa chini jikoni, kwa sababu miongoni mwa hao wengi kulikuwa na mama mmoja ambaye mimi nilikaa naye tutani, na hakusema hivyo.

Mtaniuliza, kama juzi mlivyoniuliza mkiwa mmekaa hapa, mdadisi afanye nini akikwama kama nilivyokwama. Sina jibu la kuwapa liingie kwenye semina. Kazi hii inatudai ukweli, na siku ile nilitoa uongo, nao uliifikia ofisi, na ofisi ikauchanganya na majibu ya wengine. Lakini nikiambiwa leo nirudi barazani pale, mvua ileile, ningesema neno lilelile. Ninyi mtakutana na yenu. Nawaomba tu, mhojiwa akikuuliza nani atasikia, usimjibu haraka ili umalize dodoso. Tazama kwanza simu ni ya nani na uani amekaa nani.

Nimenyamaza miaka hii kwa sababu ya watoto wale. Sasa wameshakua, mkubwa ana nyumba yake, hakuna tena wa kugawanywa, na shamba lina jina la mama yao. Kabla ya kuwaambia nyinyi nilimpigia Oliva. Siku hizi ana simu yake mwenyewe. Nilimwuliza kama ananiruhusu kusimulia, nikamwambia kwamba nitaficha jina.

"Simulia, dada," akasema. "Ila usiwaache na lile la barazani. Lile nilimjibu Desderi. Wewe ulikuja kuniuliza mimi, nami nilikujibu. Waandikie hilo."

Basi mliandike, wanangu. Kaya ya Mamba, mwanamke, mkulima wa mpunga. Kuna siku chakula kilikosekana kabisa. Ukilinganisha na mwaka uliotangulia, hali ya maisha ilikuwa mbaya zaidi.